Wilaya yetu ya shule inaanzisha masomo ya mtandaoni na nimepewa mimi niongoze, naombeni ushauri

Mwl_Hesabati

Wakuu salaam, habari za majukumu. Naombeni mnisaidie mawazo maana hili jambo limenikalia kichwani wiki ya pili sasa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Marekani, mwaka wa tisa huu, nipo wilaya ndogo ya shule za umma, shule za msingi nne, za kati mbili na hai skuli moja, mashamba kila upande. Superintendenti, yaani mkuu wa shule zote za wilaya, kaniita ofisini akanambia bodi imepitisha tuwe na programu yetu wenyewe ya masomo mtandaoni kuanzia Agosti na anataka niisimamie. Sababu yenyewe haifichiki, watoto wanatuhama wanajiandikisha kwenye shule za mtandaoni za nje ya wilaya, na kila anayeondoka pesa ya jimbo inaondoka nae. Sikumlaumu, mwaka jana walimu wawili wamepunguzwa kwa ajili hiyohiyo.

Sasa kikao cha kwanza cha kamati tumekaa masaa mawili mazima tunabishana tununue jukwaa gani, huyu anataka Canvas, yule Schoology, mwingine anasema Google Classroom tunayo tayari ya nini kuhangaika. Akaja na mtu wa kampuni moja akatuonyesha deshibodi nzuri kweli, nukta za kijani watoto wanaoendelea vizuri, nukta nyekundu waliokwama. Nikauliza swali moja tu, hiyo nukta ikiwa nyekundu siku tatu mfululizo ni nani anayenyanyua simu kumpigia huyo mtoto? Chumba kizima kimya. Mtu wa kampuni akasema mfumo unamtumia mzazi imeili.

Kiukweli hapo ndo wasiwasi wangu ulipoanzia. 2020 shule zilipofungwa nilikuwa na mwanafunzi mmoja alikuwa anaingia darasani kwa simu akiwa ndani ya gari ya mama yake kwenye maegesho ya maktaba, mdogo wake kakaa siti ya nyuma anakula biskuti, vioo vimejaa ukungu, yeye daftari kaliweka juu ya usukani anafanya milinganyo alafu anaipiga picha ananitumia. Yule binti alifaulu. Na kulikuwa na wengine nyumbani kwao intaneti inakimbia, kila mtu na chumba chake, wakapotea moja kwa moja sikuwaona tena mpaka mwaka uliofuata. Kwaiyo mtu akinambia shida ni vifaa tu namwelewa lakini najua sio yote.

Naomba kwa wenye uzoefu: tununue kozi zilizoandaliwa au tuandike wenyewe? Mwalimu mmoja abebe watoto wangapi? Mahudhurio mnahesabuje mtoto akiwa kwao? Na watoto wa elimu maalumu je? Natanguliza shukrani.

Kalamu_Nyekundu

Hongera kwa kuaminiwa mwalimu. Hilo swali lako la nani anapiga simu usiliachie, kaa nalo kikao hadi kikao mpaka lipate jibu lenye jina la mtu.

Kwenye kozi za kununua ntakusimulia yaliyotukuta. Wilaya niliyokuwepo kabla ilinunua kozi za kurudia masomo, mtoto aliefeli anakaa maabara ya kompyuta anaangalia video anajibu maswali ya kuchagua, akimaliza anapata krediti, yaani somo linahesabiwa kalimaliza. Nilisimama nyuma ya kijana mmoja nikamwangalia kwa macho yangu, video imewekwa mute, tabo ya pili imefunguliwa anatafuta jibu, anarudi anabofya, swali linalofuata. Kemia ya muhula mzima kaimaliza kwa siku sita! Kwenye ripoti ya wilaya akahesabiwa amefaulu na kila mtu akapiga makofi.

Alafu kuna kitu wengi hawakijui mpaka kiwaume. Mtoto akitaka kwenda kucheza michezo chuoni, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, wanazikagua kozi za mtandaoni wanataka waone mwalimu ndo anaeanzisha mawasiliano na mwanafunzi mara kwa mara, sio mtoto na mashine basi. Kozi kama ile ya kubofya inakataliwa. Tulikuwa na mkimbiaji mzuri sana, kozi mbili zake hazikutambuliwa na aliambiwa akiwa mwaka wa mwisho tayari. Mama yake alikaa ofisini kwangu analia na mimi sina cha kumwambia.

Kwaiyo jibu langu: nunueni maudhui kama hamna muda wa kuandika, sio dhambi, kuandika kozi moja ya mwaka mzima vizuri ni kazi ya miezi mingi kwa mtu anaejua. Ila msinunue ualimu. Mitihani, mijadala na kazi za kuandika ziwe zenu, zisahihishwe na mwalimu wa wilaya anaemjua mtoto.

nyota_ya_asubuhi

Nafuatilia huu uzi, na sisi tunaletewa mambo hayahaya.

MzeeWaRejista

Mwalimu salaam. Mimi nimefanya kazi ya kumbukumbu za wanafunzi miaka mingi, ngoja nikujibu la mahudhurio maana hapo ndo wilaya zinapoumia kwenye ukaguzi.

Shule za hapa zimejengwa juu ya kuhesabu muda wa kukaa darasani. Ile krediti moja ya Carnegie, kipimo cha muda wa somo, ilitoka mwanzoni mwa karne ya 20, masaa 120 na mwalimu kwa mwaka, na mpaka leo sheria nyingi za majimbo zina harufu yake. Mtoto akiwa nyumbani hicho kipimo kinakosa pa kushika. Kuna majimbo wanahesabu siku alizoingia kwenye mfumo, wengine kazi alizokamilisha, wengine wanataka mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi yaandikwe. Florida walienda mbali zaidi, Florida Virtual School iliyoanza 1997 inalipwa mtoto anapoimaliza kozi kwa kufaulu, sio kwa kujiandikisha tu. Hiyo inabadilisha tabia ya watu wazima wote ndani ya shule, maana mtoto akipotea na pesa imepotea.

Sasa wewe kabla hujaandika hata ukurasa mmoja wa mwongozo, waandikie idara ya elimu ya jimbo lako uwaulize wanahesabuje, na jibu walilete kwa maandishi. Usikubali la kwenye simu. Nimeona wilaya ikidaiwa irudishe pesa za jimbo kwa sababu mtu fulani aliambiwa "hiyo itakuwa sawa" na aliyemwambia ameshastaafu.

Mama_wa_Wawili

Jamani naomba nichangie kama mzazi, mimi sio mwalimu.

Mwanangu wa kwanza ana seli mundu. Hai skuli alikuwa analazwa mara nne tano kwa mwaka, akirudi anakuta wenzie wako mbali, anavunjika moyo, akafika mahali hataki kwenda kabisa. Wilaya yetu ilipofungua masomo ya mtandaoni nikamwandikisha huku naogopa. Kilichomshika hakikuwa ile programu, kwanza ilikuwa inakwama kwama. Ilikuwa mwalimu wa historia aliekuwa anampigia kila Jumanne saa kumi jioni, dakika kumi tu, umefika wapi, nini kimekushinda, unajisikiaje leo. Hata akiwa hospitali na dripu mkononi ikikaribia saa kumi ananiambia mama nipe simu. Amemaliza mwaka juzi.

Kwaiyo wanaosema mtandaoni hakufai waangalie na watoto kama wangu. Hakuna programu nyingine ingembeba.

Jembe_la_Kale

Mkuu mimi ningekataa hiyo kazi. Watoto wengi wanaoomba mtandaoni ni wale waliokwama shule ya kawaida, hawalali, wana msongo, wengine wanakimbia kuonewa. Unawatoa kwenye jengo lenye watu wazima hamsini unawapeleka kwenye skrini chumbani peke yao. Kuna mwaka nilikuwa na 140 mtandaoni, sababu ya uongozi ilikuwa kwamba hakuna madawati ya kujaza, kwaiyo hakuna kikomo. Kusahihisha tu kulinimaliza, kumjua mtoto ndo usiseme. Nilikuja kugundua mwezi wa pili kwamba msichana mmoja alikuwa amehama jimbo na kazi zake zilikuwa zinafanywa na binamu yake.

Kalamu_Nyekundu

@Jembe_la_Kale hilo la 140 ndo lenyewe mkuu, lakini hapo kosa ni la namba sio la mtandao. Ungepewa 140 kwenye darasa la matofali ungewajua?

Jembe_la_Kale

Nisingewajua. Lakini kwenye matofali wangeona aibu kunipa 140. Mtandaoni hawaoni, na ndo maana namwambia akubali pale tu namba itakapoandikwa kwenye karatasi na bodi ikasaini.

Dada_wa_IEP

Mwl_Hesabati la elimu maalumu usiliweke mwishoni kama kila mtu anavyofanya, lilete mbele kabisa.

Sheria ya IDEA, ya nchi nzima kuhusu elimu maalumu, haikwambii mtoto akiwa mtandaoni ule mpango wake unalala. Kama IEP, ndo huo mpango wa mtoto ulioandikwa, inasema dakika 60 za tiba ya usemi kwa wiki, deni la wilaya liko palepale, iwe kwa video, iwe aje shuleni, iwe mtaalamu aende kwao. Kama timu inaona programu ya mtandaoni inabadilisha anachohitaji, inakaa kikao na mzazi na inauandika upya kwa kumwangalia mtoto, sio kwa kuangalia ratiba ya programu. Mimi nimeona fomu, nimeishika mkononi, inamtaka mzazi asaini kwamba mtoto akijiunga mtandaoni "anaachia huduma." Nilishindwa kula siku ile. Wazazi walikuwa wanasaini maana hawakujua, na waliosaini zaidi ni wale Kiingereza kinawapa shida, watu wetu hawa.

Na kabla hamjasaini na kampuni yoyote chukua somo moja lao, weka mausi pembeni, jaribu kulimaliza kwa kibodi peke yake. Alafu washa kisoma skrini ufumbe macho. Video zina maandishi chini? Ukikwama wewe mwenye digrii basi mtoto asieona ameshafungiwa mlango, na shule ya umma hairuhusiwi kufunga huo mlango. Watakwambia "iko kwenye toleo lijalo". Waambie mtasaini toleo lijalo likija.

Kwa wanaojifunza Kiingereza pia, wakiwekwa kwenye kozi ya kusoma peke yao kurasa na kurasa wanazama. Wanahitaji muda wa kuongea, hai, kila siku.

FundiKebo

Niko upande wa IT wa wilaya, naongea haraka nina zamu.

Pesa kwanza. Msijenge juu ya hela ya mara moja. Zile za dharura za kovidi, ESSER, karibu dola bilioni 190 nchi nzima, mwisho wa kuziwekea mikataba fungu la mwisho ulikuwa Septemba 30, 2024. Wilaya nyingi zilinunua laptopu kwa mkupuo zikaajiri na watu, sasa laptopu zimechakaa pamoja, betri zinakufa zote mwaka mmoja na hakuna fungu la kununua nyingine. Wekeni ubadilishaji wa robo ya mashine kila mwaka kwenye bajeti ya kawaida.

Intaneti ya nyumbani usiibahatishe. E-Rate, mpango wa serikali kuu, inapunguza gharama za intaneti kwa shule, kuanzia 20 mpaka 90 kwa mia kulingana na umaskini wa wilaya, lakini waya unaoingia shuleni haufiki jikoni kwa mtoto. Ile ruzuku ya intaneti ya ACP ya dola 30 kwa mwezi kwa familia iliisha Juni 2024, kuna nyumba zilikata tangu hapo. Pigeni simu nyumba kwa nyumba muulize, msitume dodoso la mtandaoni kuuliza nani hana mtandao!! Nimeliona hilo likifanyika. Masomo yapakuliwe shuleni yafanyike bila intaneti, yapandishwe mtoto akirudi.

Data za watoto: soma mkataba wote. Sheria ya FERPA inalinda kumbukumbu za mwanafunzi tangu 1974, na walio chini ya miaka 13 kuna COPPA, sheria ya faragha ya watoto mtandaoni, juu yake. Iandikwe kampuni haiuzi wala haitumii data kwa matangazo, na mkiachana inafuta.

Mwl_Hesabati

Wakuu sijui niwashukuruje, nimeprinti huu uzi nikaenda nao kikaoni. Mrejesho ndo huu.

Tumeacha habari ya jukwaa, tutatumia tulilonalo mwaka wa kwanza. Nimependekeza tuanze hai skuli tu, watoto 40 na sio zaidi, walimu wanne kila mmoja anatolewa vipindi viwili vya kawaida. Kila mtoto ana mlezi mmoja mwenye jina, mazungumzo ya sauti mara moja kwa wiki (Mama_wa_Wawili hiyo Jumanne yako nimeisema mbele ya bodi, mjumbe mmoja alifuta macho). Siku mbili kimya mlezi anapiga simu, siku nne anaenda mtu nyumbani. Chumba kimoja cha maktaba kinakuwa wazi Jumanne na Alhamisi anaetaka aje akae na mwalimu. Mkurugenzi wa elimu maalumu yuko ndani ya kamati sasa, alikuwa hajaalikwa. Barua ya jimbo imeshatumwa.

Superintendenti kakubali 40 ila shingo upande, alitaka na shule za msingi. Nilimwambia mtoto wa darasa la pili mtandaoni maana yake ni mzazi ndo mwalimu, na wazazi wetu wengi wako kwenye zamu kiwandani. Hilo amelielewa.

Limebaki moja linanisumbua. Watoto watatuma ujumbe saa nne usiku na walimu wangu ni watu wa kujibu, nawajua. Mnawalindaje?

Jembe_la_Kale

Hiyo 40 shikilia hapohapo mkuu, wakija kuomba 60 mwezi wa kumi waonyeshe saini zao.

La usiku: pelekeni kwa chama cha walimu kabla ya Agosti, iandikwe kwenye makubaliano kwamba ujumbe unajibiwa ndani ya siku moja ya kazi, na saa za mwalimu wa mtandaoni ni ngapi mpaka ngapi. Mkiona watoto wengi wanasoma jioni, mmoja wa wanne aanze kazi saa sita mchana amalize saa mbili usiku na asubuhi yake iwe yake. Wazazi wapewe hizo saa siku ya kujiandikisha, kwa lugha yao. Na jambo la hatari, mtoto akiandika anataka kujidhuru, hilo halingoji asubuhi, kwaiyo namba ya 988, simu ya msaada kwa anaetaka kujiua, iwekwe juu kabisa ya kila ukurasa wa kozi na mlezi ajue anampigia konsela gani.

Mwl_Hesabati

988 hatukuwa tumeiweka popote. Naiweka leo.