Wenye ADHD (hali ya ubongo inayofanya umakini na kutulia kuwa vigumu) mnaoshika programu za hesabu, mnafanyaje?

Mhasibu_Mwanza:
Wakuu, natunza hesabu za duka la vipuri. Niligundulika nina ADHD nikiwa na miaka 34. Kazi naipenda kweli, ila QuickBooks, Excel ya stoo, mishahara na risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) vyote kwa siku moja vinanimaliza. Nikihama dirisha nasahau nilichofuata. Mwezi jana niliingiza ankara moja mara mbili.

DadaVitabu:
Pole ndugu yangu, hali hiyo naijua, nami ninayo. Kwanza nilizima kengele zote za kompyuta. Jumatatu nashika benki tu, Jumanne stoo tu. Kodi ya mishahara mwisho tarehe 7, VAT tarehe 20, lakini kalenda yangu inasema 3 na 14, maana "bado kuna muda" ndiyo huniangusha. Na daftari! Kabla sijafungua programu naandika kwa kalamu: naingia kutafuta nini. Likipotea hilo daftari, siku yangu imeharibika.

Fundi_Mifumo:
Mkuu, kwenye mipangilio ya QuickBooks kuna onyo la namba ya ankara iliyojirudia. Liwashe. Ila lazima ujaze namba ya ankara kila mara, ukiiacha wazi halitakuonya.

Mhasibu_Mwanza:
Nimeliwasha sasa hivi. Namba nilikuwa naziruka, kumbe! Dada, daftari nanunua leo jioni. Bosi nimuombeje hizo siku za programu moja?

DadaVitabu:
Mwonyeshe ile ankara.