Maswali ya wazi kwenye usaili wa mameneja wa bidhaa: yafutwe au yabaki?

Wadau, kuna wanaotaka maswali ya aina ya "buni saa ya alamu kwa mtu asiyeona" yaondolewe kwenye usaili wa mameneja wa bidhaa (wale wanaoamua bidhaa itatue shida gani na iweje), kwa hoja kwamba hayana jibu moja sahihi. Mimi nimekaa upande wa kuuliza kwa miaka kadhaa na nasema yabaki. Kinachotakiwa kubadilika ni jinsi tunavyoyasahihisha.

Chukueni hilo la saa. Msailiwa mmoja anaanza papo hapo kumwaga vipengele: itamke saa, itetemeke, iunganishwe na simu. Mwingine anauliza kwanza. Huyu mtu analala peke yake, au kuna mwenzake atakayeamshwa bure? Simu yake inamsomea skrini kwa sauti, sasa inapungukia wapi? Akilifuata swali hilo anaweza kugundua kwamba kuamka si shida. Shida ni kuwa na hakika, kabla ya kulala, kwamba alamu imetegwa saa aliyokusudia. Anabaki na wazo moja, mengine anayatupa na kusema kwa nini. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya meneja wa bidhaa.

Kinachoniuma ni kukariri. Njia ya CIRCLES ya Lewis Lin, mwongozo wa kujibu maswali ya kubuni bidhaa kama hili la saa, ina hatua 7, na ni msaada mzuri kwa mtu anayejifunza. Lakini siku hizi wasailiwa wanazipanda kama ngazi, na msaili anatoa alama kwa kila hatua iliyotajwa, hata kama hakuna uamuzi wowote uliofanyika.

Mchangiaji: Mkuu, anayepita hapo ni msemaji hodari. Hata Google waliachana na mafumbo. Mpole anayehitaji kutulia kidogo ndipo afikiri, mnampoteza.

Mleta mada: Kuhusu mpole nakubaliana nawe kabisa. Apewe dakika 5 za kimya na karatasi, asihukumiwe kwa kunyamaza. Ila suala la Google tuliweke sawa. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu pale, alisema mwaka 2013 kwamba maswali kama "mipira mingapi ya gofu inaenea kwenye ndege" ni kupoteza muda. Hakukataa usaili, alisifu ule uliopangiliwa, ambao kila msailiwa anapimwa kwa vigezo vilevile. Uchambuzi wa mtafiti Sackett na wenzake wa 2022 nao uliuweka usaili uliopangiliwa juu kabisa miongoni mwa vipimo vya kubashiri utendaji kazini.

Kwa hiyo msaili ambaye hajaandika mapema jibu dhaifu likoje na jibu zuri likoje, kwangu hana haki ya kuuliza swali la wazi. Atampenda anayefanana naye, halafu aite hiyo "hisia ya bidhaa", yaani kipaji cha kujua bidhaa nzuri ikoje. Sasa wewe unayetaka yafutwe, uwezo wa mtu kuacha wazo lake mwenyewe utaupimaje?