Naomba ushauri: magadi badala ya bikaboneti kwa ng'ombe wenye asidi tumboni

Wakuu, habari za leo. Ni ng'ombe wa maziwa wa kufungia bandani, Kigamboni. Nyasi mbichi ni shida, hivyo wanakula mabua ya mahindi, na pumba kilo 6 kwa siku kwa mikupuo miwili. Kinyesi kimekuwa laini chenye povu, vipande vya mabua vinatoka kama vilivyoingia.

Hapo naona asidi. Wanga wa pumba huchachuka haraka, na pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka) ya tumbo kuu ikishuka chini ya 6, bakteria wanaomeng'enya nyuzinyuzi, kina Fibrobacter na Ruminococcus, hudhoofika. Tumbo linajaa, lishe haipatikani.

Pumba sasa zitagawanywa mara 4, mabua yatangulie. Yatakatwa sentimita 3 hadi 5 bila kusagwa, maana ng'ombe asipocheua vya kutosha mate yanapungua, na mate ndiyo yanayozima asidi.

Ninapokwama: nimepanga kuwapa sodiamu bikaboneti (baking soda) ya kuzima asidi, gramu 150 kwa ng'ombe kwa siku, lakini dukani wanasukuma magadi kwa kuwa bei yake ni rahisi. Magadi yetu mengi yana floraidi, nahofia meno na mifupa. Kuna aliyeyatumia kwa miaka? Alipima floraidi wapi hapa Dar, na alitoa gramu ngapi?