Cheti cha programing laki nane, nilipe?

MtuWaIgoma: Wakuu habari zenu, nipo Mwanza hapa nauza vocha, kuna chuo wanataka laki nane miezi 3 unapewa cheti cha programing, hivi kitanipa kazi kweli?

DagaaMkavu: Laki nane?? Dogo tulia. Kuna CS50, kozi ya programing ya chuo cha Harvard kule Marekani, unasoma bure mtandaoni, ukimaliza kazi zote wanakupa na cheti chao bure, cha kulipia ni kile cha edX, tovuti inayoiweka hiyo kozi. Tatizo bando tu.

BintiKirumba: Mi sina cheti, nilitengeneza kisistimu cha kuhesabu kilo za sangara pale mwaloni nikakiweka GitHub, tovuti ya kuweka kodi zako watu wazione, bosi akakiona basi akaniita. Ila serikalini utaulizwa diploma au digrii, usidanganyike.

MtuWaIgoma: Asante dada. Naanza na Python, ile lugha ya programing?

DagaaMkavu: CS50 wanaanza Scratch, ile ya kuunganisha vibloku, halafu lugha ya C, Python ni wiki ya 6. Hiyo C itakutoa jasho 😂