Programu ya kusimamia matoleo ya Node na Python: asdf, mise au tubaki na nvm? Ofisini hatuelewani

nyundo_ya_kodi: Wakuu, tuko sita ofisini na kila mtu na lake. Mradi mmoja Node 18 (Node ni ile ya kuendesha JavaScript kwenye seva), mwingine Node 22, na kuna ripoti za Python 3.9 ambazo hazigusiki. Juzi kijana kapandisha kodi ya programu kwenye seva, kwake ilikubali, seva ikagoma, kumbe yeye yuko 22 seva iko 18. Nataka kitu kimoja cha kusimamia matoleo kwa wote, asdf au mise? nvm ni ya wanafunzi, hiyo tusiiongelee.

binti_wa_tamino: Mkuu, "ya wanafunzi" ndo nini? Mwaka wa tisa huu nipo kazini na nvm yangu. Unaweka faili la .nvmrc lenye namba ya toleo kwenye mradi, unapiga `nvm use`, kwisha kazi.

chuma_cha_pua: Dada, hajakutukana. nvm ni skripti, inapakiwa kila ukifungua tamino (dirisha la kuandikia amri), kwenye laptopu yangu ya zamani nilikuwa nafungua dirisha halafu nasubiri kama niko foleni ya benki. Na inajua Node tu, Python itaibebaje? mise inashika zote, imeandikwa kwa lugha ya Rust, na inasoma faili lilelile la matoleo la asdf, .tool-versions, kwa hiyo kuhama hakuna shida.

binti_wa_tamino: Sijauliza mambo ya spidi. Nimeuliza wanafunzi wamewakosea nini.

mzee_wa_bash: mise si ndo ile rtx? Mwanzoni mwa 2024 wakabadili jina, wakati huo kitu chenyewe kina kama mwaka mmoja tu. Mi sijengei juu ya mchanga, asdf ina zaidi ya miaka kumi.

chuma_cha_pua: Mzee wangu, jina la rtx liligongana na kadi za michoro za NVIDIA, zile RTX, ulitaka wafanyeje? Na hiyo asdf wameiandika upya kwa lugha ya Go kuanzia toleo la 0.16, Bash wameiacha, amri ya `asdf global` wameitoa wakaleta `asdf set`. Mchanga uko wapi hapo?

mzee_wa_bash: Skripti zangu ziligoma kweli, nikazirekebisha asubuhi moja. Usinifundishe asdf.

mwaka_wa_pili: Mi ndo huyo mwanafunzi. Niliambiwa weka pyenv (kama nvm, ila ya Python), hakuna aliyenambia kwamba inashusha kodi asilia ya Python halafu inaikompaili, yaani inaijenga iwe programu, hapohapo kwenye mashine yako. Feni ililia mpaka mama akauliza kuna nini, mwisho kabisa ikakataa, eti ssl (sehemu ya mawasiliano salama) haijajengwa kwa sababu sina maktaba ya libssl-dev. Bando lenyewe nilikopa.

binti_wa_tamino: Pole sana mdogo wangu. Hawa ndo mnaowadharau, halafu hakuna anayewaelekeza.

nyundo_ya_kodi: Neno la wanafunzi nalifuta, limenitoka vibaya. Ila swali langu bado.

chuma_cha_pua: mise inashusha Python iliyokompailiwa tayari, huyu dogo asingeteseka. Ila mkuu, Node 18 ilifika mwisho Aprili 2025, haipati tena marekebisho ya usalama, wewe bado umeiweka seva?

nyundo_ya_kodi: Seva ni ya mteja, nimemwandikia mara tatu, hajibu! Nikaizime mimi?

mzee_wa_bash: Na akidukuliwa atakuja kwako, siyo kwa mise.

binti_wa_tamino: @mwaka_wa_pili kama uko Ubuntu, kabla ya kurudia weka maktaba hizi ambazo Python inazihitaji ikikompailiwa: libssl-dev, zlib1g-dev, libffi-dev, libbz2-dev, liblzma-dev, libreadline-dev na libsqlite3-dev. Ikigoma niandikie hapahapa, nipo mpaka usiku.