Mrejesho: asili ya maneno alda na galadh
Niliuliza kama alda ya Kikwenya na galadh ya Kisindarini (lugha mbili alizobuni mwandishi J.R.R. Tolkien kwa ajili ya hadithi zake), maneno yenye maana ya mti, yana uhusiano wowote. Nashukuru kwa majibu: yote mawili yametokana na umbo la kale galadā, ambalo katika Kikwenya lilipoteza sauti g ya mwanzo pamoja na irabu ya kati, ilhali katika Kisindarini g ilibaki, irabu ya mwisho ikadondoka, na d ikalainika kuwa dh, kama ile ya dhahabu. Mzizi wenyewe, GALAD, umo katika orodha ya Tolkien ya mizizi ya maneno iliyochapishwa mwaka 1987, ingawa humo Kisindarini bado kinaitwa Kinoldorini, jambo lililonichanganya sana. Hata mellon ya Kisindarini, yaani rafiki, sasa naliona wazi katika mzizi MEL, wenye maana ya kupenda.