Vitabu vya fizikia kwa ngazi tofauti: Abbott, Nelkon, S. Chand au vya bure?

MamaTabata
Wakuu, habari za jioni. Nyumbani nina wasomaji watatu: wa kidato cha pili, dada yake aliyeanza kidato cha tano PCB (fizikia, kemia, biolojia), na baba yao, fundi umeme, ambaye siku hizi anataka kujua ulimwengu ulianzaje. Jumamosi nashuka Posta, katikati ya Dar, kutafuta. Hela ni ya vitabu viwili, mtumba ruksa. Nichukue vipi?

Chaki_Mstaafu
Huyo wa kidato cha pili asianze na Abbott. Nimekifundishia miaka na nakipenda, hasa michoro yake ya mwanga, ila Kiingereza chake kinataka mtu aliyekwishazoea, na mtoto juzi tu alikuwa anasoma sayansi kwa Kiswahili. Mpe cha Taasisi ya Elimu Tanzania, kimo kwenye maktaba mtandao yao, gharama ni bando tu. Abbott atakikuta kidato cha tatu.

Kifaru88
Kidato cha tano ni Nelkon. Mengine mbwembwe.

Kokotoo_Ubungo
Mkuu Kifaru, kwa PCM (fizikia, kemia, hesabu) nakubali. Huyu ni PCB, hesabu zake ni BAM, zile za msingi. Nelkon anakupa mlinganyo, anaruka hatua mbili, anakupa jibu. Aliyeiva kwenye kalkulasi (hesabu za mabadiliko) anajazia mwenyewe, wa PCB anabaki anakodoa macho. Vitabu vya S. Chand, wachapishaji wa India, vinaandika kila hatua na mifano iliyofanywa ni mingi, shida yake vinamzoesha mtu kukariri aina za maswali. Cha tatu ni College Physics ya OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Ni bure, na hakitumii kalkulasi kabisa, aljebra na trigonometria zinatosha. Kasoro yake, mpangilio wa mada haufuati mtaala wetu, kwa hiyo lazima awe na silabasi pembeni. Msichanganye na University Physics ya haohao, ile ina kalkulasi.

Namna ya kupima: mfungulie mada ya kitu kilichorushwa angani, asome kurasa mbili, afunge kitabu, atafute mwenyewe kitaanguka umbali gani. Kitabu kinachomwezesha kufanya hivyo ndicho chake, hata kama darasa zima lina kingine.

MamaTabata
Asante mwanangu. Na mtumba nitajuaje kama haujapitwa na wakati?

Chaki_Mstaafu
Fungua sura ya vipimo. Ukikuta nguvu inapimwa kwa daini na nishati kwa ergi, vipimo vya zamani, rudisha. Ukikuta kilogramu ni kile kipande cha platini na iridi kilichohifadhiwa Sèvres, Ufaransa, maana yake kimeandikwa kabla ya 20 Mei 2019, siku kilogramu ilipoanza kufafanuliwa kwa konstanti ya Planck, namba ya asili isiyobadilika. Hicho chukua tu, andika sahihisho kwa penseli, Newton hajabadilika. Halafu tazama kurasa za majibu mwishoni. Watu wana tabia ya kuzichana.

Fundi_Buguruni
Kwa mzee mwenzangu: kitabu cha mwanafizikia Hawking cha 1988 kinasifika kwa kuwa na mlinganyo mmoja tu, E=mc², ila akifika kwenye muda wa kufikirika (muda unaopimwa kwa namba za kufikirika) atakiweka chini. Kitabu cha Rovelli, mwanafizikia pia, cha masomo saba mafupi, anakimaliza wikiendi. Akinogewa, aende kwenye mihadhara ya fizikia ya Feynman, chuo cha Caltech cha Marekani wameiweka mtandaoni bure.

Kifaru88
Feynman hata kwa huyo wa kidato cha tano!

Kokotoo_Ubungo
Baada ya mtihani, mkuu. Ile ilikuwa 1961 hadi 1963, kwa wanafunzi wa mwanzo wa Caltech, na hata wao iliwatoa jasho.

Fundi_Buguruni
Na yule mdogo asomewe makala ya Mpemba na Osborne ya 1969, kwa nini maji ya moto huweza kuganda kabla ya ya baridi. Kurasa chache tu. Mpemba alianza kuuliza akiwa sekondari, Osborne alikuwa mhadhiri hapahapa Dar.

MamaTabata
Basi nanunua S. Chand na Rovelli. Hiyo OpenStax inafunguka kwenye simu?

Kokotoo_Ubungo
Inafunguka, ila faili ni zito, kurasa zaidi ya elfu. Ipakue mara moja ukiwa na waifai, iweke kwenye flashi, kisha steshenari wakuchapie sura anayosoma muhula huu tu. Leseni yake inaruhusu kunakili, wakikusumbua waambie.